Likizo ndefu ya mwanafunzi wa hisabati Nairobi: atachimenti, utafiti, mitihani ya aktuaria au mashindano?

Kila Aprili simu yangu hujaa swali moja. Anayeuliza huenda yuko Chiromo, huenda yuko Strathmore kule Madaraka, au ni mmoja wa wale wanaodandia matatu ya Thika Road alfajiri kwenda Kenyatta ama Juja. Anasomea hisabati, amemaliza mwaka wa pili au wa tatu, na mbele yake kuna miezi mitatu minne ya likizo. Anataka kujua aitumie vipi: atafute atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kwenye kampuni ya bima, ajisajili kwa mtihani wa aktuaria, ile hisabati ya hatari na fedha ya bima na pensheni, amfuate mhadhiri amwombe kazi ya utafiti, ajiandae kwa mashindano, au afundishe watoto wa mtaani kwao apate nauli na pesa ya chakula.

Nimepita karibu njia hizi zote. Nilihitimu hisabati hapa Nairobi, nikafanya kazi ya bima kwa miaka kadhaa, na sasa nachambua takwimu za afya. Jumamosi huketi na wanafunzi watano sita tukahangaika na maswali. Nitaziweka njia hizi mbili mbili, kandokando, kwa sababu ndivyo zinavyomjia mwanafunzi. Hakuna anayechagua kati ya vitu saba kwa mpigo. Ikifika Mei huwa ni hiki au kile.

Wengi hupima kwa pesa, muda na jina litakaloonekana kwenye wasifu. Mimi naanza na jambo jingine: ukikosea, nani atakuonyesha ulipokosea? Darasa letu la kalkulasi la mwaka wa kwanza lilijaza ukumbi hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Karatasi za mtihani hazikurudi. Tulibandikiwa herufi moja moja ubaoni, A, C au E. Nilifika mwaka wa tatu bila mtu yeyote kuwahi kusoma uthibitisho wangu mstari kwa mstari. Nilipompata wa kuusoma, ndipo nikajua kwamba kwa miaka miwili nilikuwa nikianza hoja kwa kudhani kile kile nilichotakiwa kukithibitisha. Vitabu, video na maswali vimejaa kila mahali siku hizi, na vingi ni vya bure. Mtu wa kuisoma kazi yako ndiye adimu, na ndiye ninayemtafuta katika kila njia hapa chini.

Atachimenti au utafiti mdogo

Atachimenti kwa kawaida huchukua wiki 8 hadi 12, na wengi huifanya baada ya mwaka wa tatu. Chuo kinakuandikia barua, wewe mwenyewe unazunguka kutafuta nafasi, unahitaji bima ya ajali, na kila siku unajaza daftari ambalo msimamizi wa kazini atalitia saini kabla mhadhiri hajaja kukukagua. Milango ya mwanahisabati ni mingi kuliko wanafunzi wanavyodhani. Mbali na kampuni za bima za Upper Hill na Westlands, kuna benki, kuna washauri wa mifuko ya pensheni, kuna Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lile lililoendesha sensa ya 2019 iliyohesabu Wakenya milioni 47.6. Kuna pia wasimamizi wa sekta yenyewe, yaani IRA kwa upande wa bima na RBA kwa upande wa mafao ya uzeeni. Peleka barua zako Januari au Februari. Anayepeleka mwishoni mwa Aprili hukuta orodha imefungwa.

Piga hesabu ya gharama mapema. Ofisi nyingi hazilipi mwanafunzi wa atachimenti, na wiki 12 ni siku 60 za nauli na chakula cha mchana. Kama unaishi Kayole na ofisi iko Westlands, hizo ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Nimeona wanafunzi wazuri wakiacha katikati kwa sababu hakuna aliyewaambia waandae pesa hiyo.

Unapata nini? Nieleze nilichopata mimi. Wiki sita za kwanza niliingiza fomu za madai ya magari kwenye kompyuta: namba ya gari, tarehe ya ajali, tarehe ya kuripoti, kiasi kinachodaiwa. Nilikuwa karibu kukata tamaa. Kisha nikaona kwenye skrini ya jirani yangu jedwali lenye umbo la pembetatu. Kila safu mlalo ilikuwa mwaka wa ajali, kila safu wima ilikuwa miaka iliyopita tangu ajali itokee, na pembe ya chini kulia ilikuwa tupu. Nikamuuliza kwa nini pako tupu. Akavuta kiti akanieleza kwamba ajali ya Desemba inaweza kudaiwa Machi, na kesi yake ikamalizika mahakamani miaka minne baadaye, kwa hiyo kampuni ina madeni ambayo bado haijayasikia na lazima itenge pesa zake leo. Ile pembe tupu ndiyo inayokadiriwa: unatazama jinsi madai ya miaka ya zamani yalivyokua kutoka mwaka hadi mwaka, unachukua uwiano wa ukuaji huo, unaupitisha kwenye miaka mipya hadi pembetatu ijae iwe mraba. Nilirudi kwenye fomu zangu kwa moyo mwingine kabisa, maana zile tarehe mbili nilizokuwa nikizichapa kutwa ndizo zilizokuwa zikiijenga ile pembetatu.

Sasa angalia: aliyenifundisha si msimamizi aliyetia saini daftari langu. Ni jirani, na ni kwa sababu niliuliza. Katika atachimenti, kusahihishwa kunategemea umeketi karibu na nani. Ndiyo maana nawashauri wanafunzi wapendelee ofisi ndogo yenye aktuari au mtakwimu mmoja atakayekuwa meza ya pili, kuliko jumba kubwa lenye jina ambako utawekwa kwenye kaunta ya kupokea barua. Unapohojiwa, uliza waziwazi: nitaketi na nani, na atakuwa akitazama kazi yangu mara ngapi kwa wiki?

Utafiti mdogo na mhadhiri uko upande wa pili. Hauna fomu, hauna barua, hauna tangazo ubaoni. Ni makubaliano kati ya watu wawili, na kwa sababu hiyo wanafunzi wengi hawajui hata kwamba unaruhusiwa kuuomba. Unaruhusiwa. Ila usiende ofisini kwa mhadhiri ukasema "Profesa, naomba utafiti." Atakupenda lakini hatajua akupe nini. Nenda na swali dogo ulilokwisha kulihangaikia, kwa mhadhiri uliyefanya vizuri kwenye somo lake.

Langu lilikuwa la matatu. Chagua kituo cha katikati ya njia, si stendi ya mwanzo ambako gari linangoja lijae. Tuseme wastani wa muda kati ya matatu moja na inayofuata ni dakika 10. Ukifika kituoni wakati wowote tu, utangoja kwa wastani dakika ngapi? Karibu kila mtu husema 5. Lakini chukua mianya inayobadilishana, dakika 5, kisha 15, kisha 5, kisha 15. Wastani bado ni 10. Ila wewe unayefika bila mpango una nafasi tatu kati ya nne za kuangukia kwenye ule mwanya mrefu, kwa sababu ndio unaochukua muda mwingi zaidi wa saa. Ukifanya hesabu, wastani wa kungoja ni dakika 6 na robo. Na kama matatu zinapita bila mpangilio wowote, kila moja bila kujali iliyotangulia, utangoja kwa wastani dakika 10 nzima. Swali langu likawa: mianya ya njia yetu ya nyumbani iko karibu na mpangilio wa saa au karibu na vurugu kamili? Nilihitaji somo la uwezekano la mwaka wa pili, daftari, na jioni kumi za kusimama kituoni kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja.

Niliandika kurasa nane. Mhadhiri alizirudisha zikiwa nyekundu. Mahali nilipoandika "ni wazi kwamba" alichora mstari, na pembeni akaandika: si wazi, onyesha. Chini ya jedwali akauliza siku ya mvua nimeiweka wapi. Niliandika upya mara tatu. Sijawahi kujifunza hisabati kwa kasi ile, kabla yake wala baada yake, na hadi leo nikiandika ripoti kazini nausikia mkono ule.

Kasoro za njia hii si ndogo. Hakuna shilingi utakayopata. Mhadhiri anaweza kusafiri, au akazama kwenye rundo la karatasi za mtihani ukakaa wiki tatu bila jibu. Dawa yake ni kupatana mapema siku moja ya kukutana kila baada ya wiki mbili, hata kwa dakika ishirini tu, na kumpelekea kitu kilichoandikwa, hata kama hakijakamilika. Jifunze pia kuandika kwa LaTeX; ni programu ya bure ya kupanga maandishi ya hisabati ambayo utaikuta popote utakapokwenda, na wiki moja inakutosha kuizoea.

Kuna faida moja ya utafiti ambayo huonekana baadaye. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, iliyoanzishwa na Neil Turok Muizenberg, Cape Town, mwaka 2003, ina kituo Kigali tangu 2016, na hutoa shahada ya uzamili yenye ufadhili. Pale, kama kwenye kila ombi la uzamili, wanataka barua za wahadhiri. Mhadhiri aliyekuona kwenye orodha ya darasa tu ataandika kwamba ulipata A. Aliyesoma rasimu zako tatu ataandika jinsi unavyofikiri.

Kati ya hizo mbili kuna nafasi za kati, nazo Nairobi ina bahati nazo. Icipe kule Kasarani, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, ina watu wanaounda modeli za hisabati za kuenea kwa wadudu waharibifu. ILRI kule Kabete inashughulika na mifugo na magonjwa yake. Ukipata atachimenti mahali pa namna hiyo, unapata meza na msomaji kwa pamoja. Ushindani ni mkubwa, na barua inayosema umewahi kuandika kurasa nane za kitu chako mwenyewe itasomwa kabla ya ile inayosema una bidii na unajituma.

Mwaka wa pili, mimi ningechagua utafiti. Mwaka wa tatu, kama atachimenti ni sharti la shahada yako, fanya atachimenti kwa moyo wote na usijaribu kubeba na utafiti miezi ile ile. Mshika mbili moja humponyoka, na kwa kawaida inayoponyoka ni ile isiyo na wa kukukagua.

Mitihani ya aktuaria au mashindano

Hapa kuna presha ya nyumbani, na naielewa. Mjomba amesikia kwamba aktuari analipwa vizuri, na wewe unasoma hisabati, kwa hiyo mbona usiwe aktuari? Basi tuangalie mtihani wenyewe.

Wengi Nairobi hufuata IFoA, chama cha maaktuari cha Uingereza, iliyozaliwa mwaka 2010 kwa kuunganishwa taasisi mbili za zamani, moja ya 1848 na nyingine ya 1856. Karatasi zake za mwanzo zina majina kama CS1 ya takwimu, CM1 ya hesabu za fedha na maisha, na CB1 ya masuala ya biashara na fedha. Wengine hufuata SOA, chama cha maaktuari cha Marekani, ambako unaanza na P, mtihani wa uwezekano, na FM, wa hesabu za riba. Jambo la kwanza la kujua: mwanafunzi wa sayansi ya aktuaria kwenye chuo chenye makubaliano anaweza kusamehewa baadhi ya karatasi kwa alama zake za darasani. Wewe wa hisabati tupu kwa kawaida unaanza sifuri. La pili: ada ni nzito kwa mfuko wa mwanafunzi, lakini IFoA ina kiwango kilichopunguzwa kwa wenye kipato kidogo. Kiulizie kabla ya kulipa chochote. La tatu, na hili mjomba hajaambiwa: kufuzu kabisa huchukua miaka mingi baada ya chuo, ukifanya kazi mchana na kusoma usiku. Nimewaona wanaoipenda kazi hiyo wakivuka. Wanaofuata mshahara peke yake hukwama karatasi ya nne au ya tano.

Kama unataka kujijaribu bila kujifunga, P ndiyo ningeanza nayo. Ni saa tatu, maswali 30 ya kuchagua jibu, na karibu yote ni uwezekano ambao umeshausoma. Nani atakusahihisha? Kompyuta itakuambia umefaulu au hukufaulu, basi. Lakini SOA imeweka maswali ya mazoezi na majibu yake bure kwenye mtandao, na IFoA imeweka karatasi za zamani pamoja na ripoti za watahini. Hizo ripoti zisome hata kama hutawahi kuufanya mtihani. Mtahini anaeleza watahiniwa walikosea wapi na kwa nini, na hilo ni jambo ambalo chuoni kwetu hatukulipata hata siku moja.

Mashindano ni ulimwengu mwingine. Makubwa yanayomkubali mwanafunzi wa chuo kutoka popote ni IMC, yaliyoanza Plovdiv, Bulgaria, mwaka 1994. Ni siku mbili, saa tano kila siku, maswali matano kila siku, kila swali alama 10. Umri usizidi miaka 23. Hakuna la kuchagua jibu. Ni kuthibitisha, na kila mstari wako unasomwa na watu. Kwa kipimo changu, hayo ndiyo mashindano bora. Kizuizi ni nauli ya kwenda Bulgaria na viza, na hapo chuo au mfadhili lazima aingie. Putnam, mashindano maarufu ya Marekani na Kanada, hayatupokei huku, lakini maswali yake yapo wazi kwa kila mtu. Yanatia moyo kwa namna yake: kuna miaka ambayo mshiriki wa katikati kabisa kwenye orodha alipata 0 kati ya 120. Ukikaa na swali la Putnam wiki nzima bila kufika popote, uko pamoja na wanafunzi hodari sana.

Lakini nikikushauri uchague mashindano, sikutumi Bulgaria. Nakutuma kwenye duara la Jumamosi. Watu wanne, ubao mmoja, swali moja. La kuanzia ninalolipenda ni hili: chagua namba 51 zozote kati ya 1 na 100. Thibitisha kwamba lazima zimo mbili ambazo moja inaigawanya nyingine bila baki. Watu huanza kwa kujaribu kulivunja: wanachukua 50 hadi 100, namba 51 kamili, halafu wanaona 50 inaigawanya 100. Wanaitupa 50, wanatafuta ya kuweka badala yake, na kila wanayoiweka inakataa. Nusu saa inapita. Kisha mtu anaona kwamba kila namba ni namba witiri iliyozidishwa na 2 mara kadhaa: 12 ni 3 mara 4, 96 ni 3 mara 32, 7 ni 7 yenyewe. Kati ya 1 na 100 kuna namba witiri 50 tu. Umechagua 51, kwa hiyo mbili zina witiri moja, na ndogo inaigawanya kubwa. Msichana wa mwaka wa kwanza aliyeliona hilo kwenye duara letu aliandika mistari mitatu ubaoni akaketi. Mwenzake akamwambia: "Dada, umesema ndogo inaigawanya kubwa. Kwa nini?" Alirudi ubaoni akaongeza mstari wa nne, kwamba ukigawanya kubwa kwa ndogo, witiri inajifuta na jibu ni 2 peke yake ikizidishwa. Ule mstari wa nne ndio uliofanya hoja yake iwe uthibitisho, na usingeandikwa kama angekuwa peke yake chumbani.

Duara halina ada. Linahitaji chumba, na vyumba vya kampasi Jumamosi huwa vitupu. Ukiniuliza kati ya kulipia karatasi moja ya aktuaria mwaka wa pili na kuanzisha duara, nasema anzisha duara, kisha ufanye P mwaka wa tatu ukiwa umekomaa. Anayejua kabisa kwamba bima ndiyo kazi yake asinisikilize hapa; huyo aanze karatasi zake mapema, maana kila moja anayofaulu akiwa chuoni inampunguzia usiku wa kuhangaika akiwa na kazi na familia.

Tuisheni au kambi za hisabati

Tuisheni ndiyo njia pekee hapa inayoleta pesa wiki hii hii, na kwa anayengoja mkopo wa masomo wa HELB uingie hilo si jambo dogo. Wazazi wa Donholm, Lang'ata na Kasarani wanamtafuta mtu wa kumshika mtoto mkono kwenye karatasi 121, hisabati ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari: maswali 16 ya lazima sehemu ya kwanza, kisha matano kati ya manane sehemu ya pili. Fundisha nyumbani kwa mtoto, mmoja au wawili. Kukusanya darasa shuleni wakati wa likizo kuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inayokataza. Jua pia kwamba mfumo huu wa elimu wa 8-4-4 unafungwa, kundi la mwisho la KCSE likiwa la 2027, kwa hiyo anayetaka kuendelea na tuisheni aanze sasa kuusoma mtaala mpya wa sekondari ya juu.

Na kama unawaza kuwa mwalimu wa kudumu, kumbuka kwamba shahada ya sayansi ya hisabati peke yake haikusajilishi TSC, tume ya walimu. Utahitaji stashahada ya uzamili ya elimu.

Nani anakusahihisha kwenye tuisheni? Mtoto. Atakuuliza kwa nini hasi mara hasi ni chanya, na jibu la "ndiyo kanuni" utalitoa mara moja tu, kisha utaona macho yake na kwenda nyumbani kulitafuta la kweli. Lakini mtoto hawezi kukuambia kwamba umeeleza vibaya, anakaa kimya. Hapo ndipo kambi zinapoishinda tuisheni. Tangu 2011 kumekuwa na kambi za hisabati zilizoanzia Maseno, ambako wanafunzi wa sekondari hukaa wiki moja wakicheza michezo ya hesabu, mafumbo, kompyuta na jiometri, wakiongozwa na wahadhiri na vijana wa kujitolea. Ukijitolea, hulipwi, lakini unafundisha ukiwa na mwalimu mwenye uzoefu pembeni, na jioni anakuambia ulimpoteza mtoto dakika gani. Wiki moja ya namna hiyo huibadilisha tuisheni yako ya mwaka mzima.

Neno kuhusu mashindano ya data

Zindi, jukwaa la Afrika lililoanza 2018, huweka matatizo halisi ya data na zawadi za pesa. Unahitaji lugha ya kompyuta kama Python au R, na mtandao wa uhakika. Faida yake ni kwamba unaweza kuanza leo usiku. Upungufu wake, kwa kipimo changu, ni kwamba orodha ya washindani inakuonyesha kwamba modeli yako ni mbaya bila kukuonyesha kwa nini. Basi usiishie kwenye orodha. Shindano likifungwa, washindi mara nyingi hueleza walichofanya. Chukua maelezo yao, uyarudie mwenyewe hatua kwa hatua, na hapo ndipo utakapojifunza.

Mwaka wako, mfuko wako

Uko mwaka wa kwanza au wa pili na nyumbani hawakudai chochote: utafiti mdogo na duara la Jumamosi. Uko mwaka huo huo lakini karo inakusumbua: tuisheni siku nne, duara siku moja, na usijione umebaki nyuma. Uko mwaka wa tatu na unajua unataka bima: atachimenti kwenye ofisi ndogo, kisha P au CS1 muhula unaofuata. Uko mwaka wa tatu na hujui unataka nini: atachimenti mahali penye takwimu, KNBS au taasisi ya utafiti, kwa sababu takwimu hazikufungii mlango wowote baadaye.

Na wewe wa mwaka wa nne uliyesoma hadi hapa ukiona miezi imekuisha, bado una mradi wa mwaka wa nne. Najua wengi huuandika wiki mbili za mwisho kwa kunakili wa mwaka jana na kubadilisha namba. Lakini umepewa msimamizi kwa jina, na kukusoma ni sehemu ya kazi yake. Mpelekee kurasa tatu Jumatatu hii, umwombe azirudishe na wino mwekundu, na Jumatatu ijayo umpelekee tano.